Kilo Arobaini na Tisa

Gyumri, Januari. Barafu imeota maua kwenye kioo cha dirisha.
Zaruhi anavua saa, anavua hereni,
anavua hata kibanio cha nywele
kana kwamba nywele zitamtolea ushahidi,
kisha anapanda mizani kwa ncha za vidole,
kama mtu aingiaye chumba alicholala mtoto mchanga.

Arobaini na tisa nukta mbili.
Anatema mate kikombeni.
Anapanda tena.

Mimi ndiye daktari wa shule hii ya wanyanyua vyuma.
Nina stethoskopu, nina jiko la kuotea mikono,
na fremu ya mlango iliyojaa mistari ya penseli:
urefu wa kila mtoto, jina na tarehe pembeni.
Mstari wake wa Mei leo unamgusa kwenye paji.
Amerefuka sentimita tano
na hajaongezeka hata uzito wa andazi.
Sasa hizo sentimita tano zimejengwa kwa nini?
Nani hujenga ghorofa ya pili
kwa matofali aliyoyang'oa ghorofa ya kwanza?
Katika mji huu hatufanyi mzaha na majengo.
Uliwahi kulala chini wote, asubuhi moja ya Desemba.

Picha ya eksirei naiinua kwenye mwanga:
pingili ya kiuno, ufa mwembamba kama unywele.
Ana miaka kumi na mitano. Ncha za mifupa yake bado laini,
milango ambayo haijafungwa.
Nauliza swali ambalo fomu zetu hazina:
"Siku zako uliziona lini mara ya mwisho?"
Anahesabu, lakini hahesabu miezi, anahesabu mashindano.
"Kabla ya Tbilisi."
Tbilisi ilikuwa Juni.
"Lakini si ni nafuu, daktari? Usumbufu umepungua."

Nafunga faili. Naifungua tena.

Kocha Garnik si mtu mbaya.
Laiti angekuwa mbaya, ningelala vizuri zaidi.
Viatu vya watoto nusu hununua kwa mshahara wake.
Alipokuwa na umri wao, naye alikaushwa:
sweta tatu, chumba cha mvuke, limau ya kulamba.
Alinyanyua vyuma, watu wakasimama ukumbini.
Mwaka Mpya huu mjukuu alitaka aone nyota juu ya mti,
akanyoosha mikono, "Babu, niinue,"
Garnik akaita jirani.

Hilo sikumkumbusha. Nilimwonyesha picha tu,
nikasema mizani hujua uzito, haijui kinachopimwa.
Hata shairi laweza kutimiza mizani yake yote
na bado likakosa pumzi.
Alinyamaza muda wa kuchemsha kahawa.
Akaenda ubaoni, akafuta 49 kwa kiganja,
akaandika 55. Chaki ikavunjika kwenye tano ya pili.
"Mwaka huu hatupati medali," akasema.
"Hatupati," nikasema.

Msidhani Zaruhi alinishukuru.
Alilia, akaniita mwizi.
Miezi mitatu bila chuma, kulala saa tisa,
supu ya mchana mbele ya macho yangu, kijiko kwa kijiko;
majuma mawili alipita koridoni
akisalimia ukuta, mimi ananiruka.
Bibi yake akaleta aprikoti kavu kwenye mfuko wa nailoni,
akaniambia huyu ni mkaidi kama mimi, usimwachie.
Sikumwachia. Sikuwa na hakika pia.

Mwishoni mwa Machi, theluji ikidondoka paani matone matone,
mlango uligongwa. Kichwa tu kikaingia.
"Daktari. Zimerudi."
Akaona haya, akacheka, yote kwa pumzi moja.
Akasimama kwenye fremu bila kuambiwa, kisigino ukutani;
nikachora mstari.
Kisha akapanda mizani, viatu miguuni,
hereni masikioni, mdomo umejaa mkate,
akiniuliza lini ataruhusiwa kugusa chuma, hata kitupu,
hata kwa dakika moja.
Makombo yakadondoka juu ya mizani.
Mshale haukutikisika.